Kuku Aliyekataa Pasi

Mke wa marehemu aliingiza matenga ya kuku uani kabla hajaingiza begi lake la nguo, na hilo ndilo lililomchoma Bi Pasi, mama wa marehemu, kuliko yote. Mtu aliyefiwa na mume huja na machozi, au angalau huja na godoro lake. Huyu alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni matenga mawili ya kuku wakubwa wa kahawia, wanahema midomo wazi, na jogoo mmoja mrefu aliyefungwa miguu akiwatazama watu kama mkaguzi aliyecheleweshewa basi lake.

"Hodi, mama."

"Umeshaingia, hodi ya nini tena?" Bi Pasi akajibu bila kuinuka kwenye kigoda.

"Niwaweke wapi?"

"Hao? Nilidhani utaniuliza wewe utalala wapi."

"Mimi nitalala popote. Hawa wakikaa juani watakufa."

"Kufa kumeshazoeleka nyumba hii."

Mkwe akashusha tenga la kwanza mkokotenini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono mirefu na tabia ya kunyamaza ambayo Bi Pasi aliiita kiburi tangu siku ya kwanza alipoletwa kutambulishwa. Akayaburuta matenga hadi kwenye kivuli cha ukuta, akamfungua jogoo miguu. Jogoo akasimama, akajinyoosha, akawa anamfika Bi Pasi magotini. Akawika palepale, mchana kweupe, kwenye ua wa watu wenye msiba.

"Na huyu naye," Bi Pasi akasema, "hata pole hajui."

Jina la Bi Pasi hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, katika nyumba ya dobi iliyokuwa nyuma ya soko, chumba kirefu chenye madirisha ya juu ambayo mvuke haukuyapa nafasi ya kuona nje. Aliingia pale msichana, akipuliza pasi za mkaa, akatoka ana mvi, pasi zote zikiwa za umeme. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kigumu kama soli. Alikuwa akikipitisha juu ya chuma na kusema, joto limefika, au, bado, na hakuna aliyemkosoa. Walimwita Pasi kwa sababu ya kazi, na ulimi wake ukaongeza sababu ya pili. Aliyemgusa aliungua.

Pale kwa dobi palikuwa na utaratibu. Kabla nguo haijatumbukizwa pipani, ilitiwa uzi mfupi ndani ya kola, na kila mteja alikuwa na rangi yake: kijani, njano, buluu. Nyekundu ilikuwa ya hoteli, mteja mkubwa kuliko wote, na kwa sababu nyekundu huonekana hata ndani ya povu, shati la hoteli halikuwahi kupotea. Bi Pasi ndiye aliyewafundisha wageni wa kazi. "Alama ikiwepo," alikuwa akiwaambia, "nguo za nyumba kumi zinaoga pipa moja na kila moja inarudi kwao." Nguo za nyumbani kwake, alizoruhusiwa na tajiri kuzipitisha pale Jumamosi, ndizo pekee zisizokuwa na uzi. Nani atie alama kwenye kilicho chake?

Mumewe alikwenda kutafuta maisha, maisha yakamtafuna huko huko. Bi Pasi akabaki na mtoto mmoja wa kiume, mpole, mwenye vidole vyepesi, akakua akawa kinyozi. Angali mwanafunzi, alirudi siku moja na kuku wawili wadogo kifuani, jogoo na mtetea, aliopewa na mzee fulani kwa kumnyoa vizuri. Walikuwa vibete. Miguu yao ilikuwa mifupi hata tumbo likafagia vumbi, na jogoo wao alitembea kwa maringo kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Wakazaana. Kila kizazi kinyozi alikijua mmoja mmoja. Alipooa na kuhamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, aliwaacha vibete kwa mama yake, kwa kuwa mkewe alikuwa na kuku wake wakubwa na hao walikuwa na mdomo mzito wa kudonoa.

"Wakikaa pamoja, mama, watakuwa kama nyinyi wawili," alisema akicheka.

"Sisi tuna nini?"

"Hamna kitu. Ndiyo maana nimewatenganisha."

Katika kizazi cha mwisho alichokiona akatoka mtetea mmoja wa ajabu, manyoya yote yamepinda kwenda nje, kama nguo iliyokaushwa kwenye upepo ikasahauliwa huko. Kinyozi alimweka mapajani mwa mama yake. "Nimekuletea wa kukushinda," akasema. "Huyu mpige pasi mpaka mkaa uishe, hanyooki." Wakamwita Mkunjo. Bi Pasi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Hicho kilikuwa kicheko chao cha mwisho pamoja, kwa maana baada ya hapo ulikuja ugonjwa, na ugonjwa ule haukukaa sana.

Akiwa kitandani, sauti imebaki nyuzi nyuzi, kinyozi alimshika mama yake mkono ule mgumu. "Mke wangu asitoke nyumbani kwako mpaka atake mwenyewe. Niahidi mbele ya Mungu." Saa ile Bi Pasi angeahidi hata jua lisitue. Akaahidi. Ahadi ni deni, na ahadi uliyompa aliyekwisha kulala kaburini haina wa kukusamehe ila Mungu peke yake.

Basi ndiyo namna mkwe alivyofika, na matenga yake.

Walikaa kama watu wawili waliosubirishana kwenye benchi la hospitali. Kila mmoja na birika lake, kila mmoja na jiko lake. Mkwe akifagia ua, Bi Pasi alisubiri aingie ndani, kisha akafagia tena, kwa ufagio uleule, mahali palepale. Usiku kabla ya kulala Bi Pasi alipiga magoti na kusali kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta.

"Ee Mungu, nipe subira na watu ulioniletea."

"Amina," ikajibu sauti chumba cha pili.

Amina ile ilimkera kuliko tusi. Hakuweza kujua kama ni ya ibada au ya dhihaka, na mtu hawezi kumgombeza mwenziwe kwa kuitikia sala.

Siku ya pili mkwe alimwita jirani yao, fundi baiskeli, avute wavu wa waya katikati ya ua, vibete upande huu na wakubwa upande ule. Fundi alikuwa mtu wa maneno. Akapiga misumari huku akisema, "Nimeshafunga uzio kati ya majirani, kati ya ng'ombe na mahindi, kati ya ndugu waliogombea kiwanja. Kati ya mtu na mkwewe, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Funga waya," Bi Pasi akamwambia. "Mdomo utafunga baadaye."

Mkwe alieleza, macho yake kwenye waya. "Tuwaache waonane kwanza. Kuku mgeni hupigwa na kila mtu mpaka apate nafasi yake, na hawa wangu ni wazito. Chakula na maji tuwawekee mbalimbali. Wakizoeana sura, jioni moja tunawapandisha wote kwenye kijiti cha kulalia, waamke asubuhi wakiwa pamoja."

"Wangu hawana haja ya kuzoea mtu," Bi Pasi alisema. "Wao wako kwao."

Katika kundi la mkwe alikuwemo mtetea mmoja mnene, chotara, asiye na unyoya hata mmoja shingoni, ngozi tupu nyekundu kutoka kichwani hadi mabegani. Kishingo. Tangu afike alikuwa amekataa kutoka ndani ya tenga, amejitandaza kama unga uliomwagika, akitaka kuatamia ingawa hakuwa na yai hata moja chini yake.

"Na huyu vipi?" fundi akauliza.

"Shati lisilo na kola," Bi Pasi akasema. "Kwa dobi tulikuwa tunalirudisha kwa mwenyewe."

Fundi akacheka. Mkwe hakucheka.

Upande wa Bi Pasi, Mkunjo naye alikuwa analalia. Alijichagulia karai lililotoboka, nyuma ya pipa la maji, na chini yake palikuwa na mayai madogo meupe yanayoenea kwenye kiganja. Ndiyo yaliyokuwa mayai ya mwisho. Jogoo kibete, yule wa maringo, alikufa wiki ile ile ya msiba, watu walipokuwa wamejaa uani na hakuna aliyekumbuka kumfungia paka mlango. Mitetea vibete waliobaki wangetaga tena, lakini bila jogoo wao. Kwa hiyo kama kuku wa kinyozi wangeendelea kuwepo duniani, wangetoka kwenye karai lile au wasitoke kabisa. Kila asubuhi Bi Pasi aliinama, akaingiza kiganja chini ya manyoya yaliyopinda, akapima joto. Limefika, alikuwa akijiambia. Hakuna kazi nyingine iliyomtoa kitandani siku zile.

Kisha ikatokea ya waya. Mtetea kibete mmoja alijipenyeza chini ya wavu akaingia kwa wakubwa. Mkwe akamdaka kabla hajadonolewa, akawa amemshika kifuani, anamlainisha mbawa.

"Lete kuku wangu," Bi Pasi akasema.

"Wa mume wangu," mkwe akajibu, si kwa sauti kubwa.

"Umesemaje?"

"Nimesema kuku hawa ni wa mume wangu. Kila aliyeanguliwa aliniambia. Huyu alimwita Kisoda."

Bi Pasi akampokea kuku juu ya waya. Kama kuku ni wa mume, basi ni wa mjane pia, na mjane akiamua siku moja kuita mkokoteni, si ataondoka na Kisoda, na Mkunjo, na karai lenyewe? Mtoto keshachukuliwa. Mjukuu hakuzaliwa, na hilo pia Bi Pasi alilihesabu kosa la mtu. Kilichobaki cha mwanawe ni hivyo viguu vifupi vinavyofagia vumbi. Usiku ule alisali kimya, ili asiitikiwe.

Asubuhi yake alitoa kikopo cha nyuzi. Bado alikuwa akiwapigia pasi watu wa mtaani, na kikopo kilikaa juu ya meza ya pasi siku zote. Akachagua nyekundu, ile isiyopotea. Akawakamata vibete mmoja baada ya mwingine, akawazungushia uzi kila mmoja mguuni, juu kidogo ya vidole, akafunga fundo la dobi, na ncha akaziacha zining'inie kama kwenye kola, jicho lione haraka. Mkunjo alimfunga akiwa palepale juu ya mayai.

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Mama, huo uzi..."

"Huo uzi ni wangu."

"Nilitaka kusema tu kwamba kuku..."

"Sikiliza, binti. Kuku wangu usiwaguse, na wala usiwaseme. Siku nitakayotaka kufundishwa kuku na wewe nitakuja mwenyewe nikupigie magoti."

Mkwe akatazama miguu ile yenye uzi, akamtazama mama mkwe, akainua ndoo akaenda zake.

Na Bi Pasi, alipomaliza, akauona wavu wa waya umegawa ua wake vipande viwili, umemzuia kufika kwenye kamba ya kuanikia. Ulikuwa wa nini tena? Alama ipo. Alijifunza hilo ujanani na halikumdanganya hata mara moja: nguo zikishatiwa uzi, pipa ni moja. Asubuhi iliyofuata, siku ya ibada, kabla ya kutoka, aliung'oa wavu kwa mikono yake, akauviringisha, akauegemeza ukutani. Akavaa gauni lake jeusi lililonyooka kama karatasi, akaenda kumwomba Mungu.

Aliporudi, jua lilikuwa limepanda. Kwanza aliona manyoya. Yalikuwa yamepinda, yanabingirika taratibu na upepo.

Kuku wakubwa walikuwa wamezunguka kitu karibu na pipa la maji. Bi Pasi aliwafukuza kwa mkoba wake, na kilichokuwa katikati kilikuwa Mkunjo. Alikuwa ametoka kwenye mayai kunywa maji, kama mtetea anayelalia anavyofanya mara moja kwa siku, na hakurudi. Mguu wake ulikuwa umechimbwa hadi mfupani pale palipofungwa uzi. Uani kote vibete walikuwa wanakimbia huku wanachechemea, na kila mmoja mguu ulikuwa mwekundu, na nusu ya wekundu ule haukuwa uzi.

Bi Pasi hakupiga kelele. Alisimama na mkoba mkononi, akimsubiri mtu wa kumlaumu. Mtu huyo akaingia langoni na trei tupu za mayai, anatoka sokoni.

"Wameniulia," Bi Pasi akasema. "Majitu yako yameniulia kuku wa mwanangu."

Mkwe akaweka trei chini. Akamtazama Mkunjo.

"Si majitu yangu tu," akasema. "Angalia pale."

Kwenye kona ya ukuta vibete wawili walikuwa wamebaki peke yao, wakubwa wako mbali. Mmoja alikuwa akiudonoa mguu wa mwenziwe, anavuta ncha ya uzi kama anayevuta mnyoo ardhini, na mwenziwe akijaribu kuuficha mguu alikuwa anaudonoa wa huyu. Aliyevuta alikuwa Kisoda. Ndugu wa tumbo moja.

"Kuku akiona chekundu hudonoa," mkwe akasema. "Akipata damu hudonoa zaidi. Mkubwa, mdogo, wote."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Uliona uzi ukajua."

"Niliona uzi jana. Na leo asubuhi nimeona waya umeviringishwa. Nikachukua mayai yangu nikaenda sokoni." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Uliniambia nisiwaguse wala nisiwaseme. Sijawagusa. Sijawasema."

"Mwanamke mwenye roho kama hiyo," Bi Pasi akasema polepole, "ndiyo maana Mungu alilifunga tumbo lako."

Neno lilitoka, na lilipotoka hata jogoo mrefu aliacha kuparura. Mkwe akapepesa macho mara moja tu.

"Na wewe ndiyo maana alikufungia kwa mtoto mmoja," akasema, "akaona hata huyo mmoja amekaa nawe vya kutosha, akamchukua."

"Toka kwangu."

"Natoka. Ile ahadi uliyompa mwanao, utamweleza wewe ulivyoitimiza."

Akaingia ndani. Bi Pasi akasikia zipu ya begi, akasikia henga za nguo zikigongana. Akabaki na Mkunjo. Akainama kumchukua amzike, na alipoinama ndipo alipoliona karai.

Akaingiza kiganja. Yale mayai yalikuwa bado yana uvuguvugu, ule wa kola dakika chache baada ya kupigwa pasi, wakati shati limeshatundikwa na joto linaanza kuliacha kutokea pembeni. Joto la namna ile alilijua kuliko alivyojijua. Alijua halikai. Akayafunika kwa khanga, akayafunika kwa mikono, na akiwa amejikunja vile nyuma ya pipa alijaribu kusali, ila kila alipoanza, lililomjia kinywani lilikuwa lile alilotoka kulisema. Kwenye tenga pembeni ya ukuta, Kishingo alikuwa amekaa vilevile alivyokaa tangu afike, amefumba macho, analalia hewa.

Angeweza kumchukua tu. Lakini mtetea anayetaka kulalia akishikwa na mkono asioujua huweza kuinuka na asikae tena, na hata Bi Pasi hilo alilijua. Akainuka. Akaenda hadi mlango wa chumba cha mkwe, akasimama nje.

"Mayai bado yana moto," akasema.

Ndani begi likaburutwa sakafuni.

"Kuku wako yule asiye na kola. Anataka mayai."

"Kishingo ni mzito," sauti ikasema. "Atavunja."

"Avunje atakayovunja."

"Si ulisema utanipigia magoti siku ya kutaka kufundishwa?"

Bi Pasi aliutazama mlango ule kwa chuki kamili, safi, isiyo na doa. Kisha akashika kizingiti, akaanza kukunja goti moja, lile lenye maumivu, na likalia kama bawaba. Mlango ukafunguka kabla halijafika chini.

"Acha," mkwe akasema. "Utaanguka halafu mtaa useme nimekusukuma. Lete hayo mayai. Na usidhani ni kwa ajili yako."

"Sijadhani."

Mkwe aliyaingiza mayai chini ya Kishingo moja moja kutoka kwa nyuma, akimnong'oneza maneno yasiyosikika, na Kishingo akayavuta kwa mdomo wake, akayapanga, akajishusha. Bi Pasi akasikia ufa. Yai moja. Wote wawili wakasubiri. Halikufuata jingine.

"Sasa hao wengine," mkwe akasema. "Washike mimi nikate."

Akatoa mkasi mfukoni mwa gauni. Ulikuwa mkasi wa kunyolea, mwembamba, mpini mmoja umefungwa plasta nyeusi pale kidole gumba kinapokaa. Bi Pasi aliutafuta mkasi ule tangu mazishi, na moyoni alikuwa ameshaamua nani kauuza.

"Kumbe uko nao."

"Ulitaka uwe nao nani?"

Wakakaa chini, mmoja ameshika kuku, mwingine anakata uzi kwa mkasi wa marehemu. Walipomaliza nyuzi, mkwe alikwangua masizi chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta kidogo, akawapaka vibete kwenye vidonda mpaka wekundu wote ukafichwa na wakaonekana wamevaa soksi nyeusi. Wavu ukarudishwa. Fundi baiskeli aliitwa, akatazama soksi, akatazama nyuso za wanawake wale, na kwa mara ya kwanza akapiga misumari bila kusema kitu.

Begi la mkwe lilibaki mlangoni limefungwa. Hakuondoka, wala hakusema anabaki. Alikuwa anasubiri mayai, na Bi Pasi alikuwa anasubiri mayai, na hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi. Yale maneno mawili yalikaa uani pamoja nao kama mbwa wawili wa jirani. Kishingo alivunja yai jingine, kisha jingine. Kila lilipovunjika mkwe aliliondoa asubuhi mapema, na Bi Pasi alijifanya hakuona, kisha akaenda kutazama maganda. Usiku alirudi kusali kwa sauti, ila sala ilikuwa fupi. "Mungu, nisamehe neno langu." Hakutaja neno gani. Upande wa pili haikuja amina, na kutokuja kwake kulimnyima usingizi.

Mayai yaliyobaki yakaanguliwa. Vifaranga walikuwa wachache, wadogo mno chini ya ule mwili mkubwa, na Kishingo alipotoka nao tengani kwa mara ya kwanza alionekana kama mwanamke mnene anayevuka barabara na vikombe vya kahawa. Vibete waliokwisha kukua walisogea kuwatazama. Kishingo akainua shingo yake tupu, akatoa sauti moja tu, wakarudi nyuma. Jogoo mrefu naye akarudi nyuma. Baadaye jioni moja, mkwe alipowapandisha kuku wote kijitini pamoja, wa kahawia na wenye soksi, asubuhi waliamka wakagombana kidogo kwenye pumba, wakaacha.

Manyoya ya mbawa yalipoanza kuchomoza, Bi Pasi alimwona kifaranga mmoja ambaye yake yalielekea kusiko. Alimnyanyua akamsogeza karibu na macho. Yalikuwa yanapinda kwenda nje. Hakumwita mtu. Lakini alipogeuka mkwe alikuwa nyuma yake, mkono umeziba mdomo, na machozi yake, ambayo Bi Pasi aliyangoja tangu siku ya mkokoteni, yalikuwa yanashuka bila sauti yoyote.

Fundi baiskeli akachungulia juu ya ukuta. "Naona kazi imezaa. Sasa hawa vifaranga ni wa nani?"

"Wangu," Bi Pasi akasema.

"Wangu," mkwe akasema, wakati uleule.

"Nimeuliza tu," fundi akasema, akatoweka.

Jioni ile mkwe aliingia chumba cha pasi kwa mara ya kwanza, akalitupa juu ya meza gauni lake jeusi la msiba. Lilikuwa limekaa begini muda wote ule, na mikunjo ilikuwa imelichora kama ramani.

"Kesho ni ibada," akasema. "Nami nakwenda."

"Gauni limekunjwa na mtu au na punda?"

"Kama huwezi, sema."

"Acha hapo."

Bi Pasi alipitisha kiganja juu ya chuma. Limefika. Kwa mazoea mkono wa kushoto ukaenda kwenye kikopo, ukatoa sindano na uzi, kama ulivyofanya kwa kila nguo ya watu iliyowahi kuwekwa kwenye meza ile, ukaigeuza kola. Ukasimama hapo kidogo. Kisha akaichomeka sindano kwenye mto wake, akafunika kikopo, akaanza na mkono wa gauni.

"Usidhani nimekupenda," akasema bila kuinua macho.

"Sijauliza," mkwe akasema. Akavuta kigoda, akakaa, akasubiri nguo yake.